Jezi ya Mteremko

Kipupwe cha mwaka huu kimeingia Mbeya na mtindo mpya. Kila Jumamosi alfajiri vijana wa baiskeli wanakusanyika Uyole, na wengi wao sasa wamevaa jezi nyeusi za mikono mirefu, nzito, zenye manyoya laini kwa ndani, zimefungwa mpaka kooni. Binti wa dada yangu, anayesoma chuo hapa mjini, amejiunga nao. Juzi alinitumia picha tatu za jezi alizozikuta kwenye duka moja la Mwanjelwa, na ujumbe mfupi: “Shikamoo mjomba. Ipi ina joto zaidi? Nina elfu sitini.”

Nikamwitikia marahaba, kisha nikabaki na simu mkononi. Swali hilo huulizwa na karibu kila anayetafuta jezi ya baridi, na wauzaji wamelizoea hata mali yao wanaipanga kwa unene: nyepesi upande huu, nzito upande ule, na bei inapanda pamoja na uzito. Mimi naona linaanzia pabaya. Kwenye barabara zetu za huku juu, mwendesha baiskeli haumizwi sana na baridi anayoikuta njiani. Anaumizwa na jasho alilolitoa mwenyewe nusu saa kabla. Jambo hilo sikufundishwa dukani. Nililiokota kidogo kidogo, na wengi walionifundisha hawakuwahi kuvaa jezi ya baiskeli maishani mwao.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja karibu na Isongole, Wilaya ya Rungwe. Asiyeijua barabara ya huko anafaa kuelezwa kidogo. Pale Uyole unaiacha barabara kuu iendayo Zambia, unashika njia ya kusini inayokwenda mpaka wa Malawi kule Kasumulu. Unapanda kati ya mashamba ya viazi hadi Isyonje na Isongole, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Halafu unateremka ubavuni mwa Mlima Rungwe, unapita Kiwira, unapita Tukuyu yenye chai na migomba, unazidi kushuka mpaka Kyela, ambako maji ya Ziwa Nyasa yako chini kidogo ya mita 500. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo kati ya Isongole na Kyela kuna tofauti ya nyuzi 10 hata kabla hujahesabu mawingu, na mawingu huko hayana adabu: yanakuja wakati wowote. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mtu anaondoka asubuhi anatetemeka, saa sita analoa mvua, saa tisa anatafuta kivuli cha mwembe, na yote hayo akiwa na nguo ile ile.

Nilikuwa na baiskeli ya Phoenix, fulana za pamba, na sweta nililofumiwa nyumbani. Mwisho wa mwezi tulikwenda Tukuyu, makao makuu ya wilaya, kufuatilia mshahara. Siku nyingine nilikwenda upande wa Uyole kutafuta mahitaji, na huko ndiko nilikoanza kuwatazama wauza maziwa.

Walitoka vijijini kabla ya jua, madumu mawili yamefungwa huku na huku kwenye keria kwa mipira ya tairi la ndani, wakateremka kwa kasi iliyonitia hofu. Kila mmoja alikuwa amevaa kitu kifuani ambacho mwanzoni nilidhani ni aproni. Nilipokaribia nikaona ni ile nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea. Walikuwa wameikata tundu la kichwa juu, wakaondoa kabisa upande wa nyuma, wakabakisha kipande cha mbele kinachofika kiunoni na kufungwa kwa kamba mbili. Mgongoni hakukuwa na kitu ila shati.

Nilimuuliza mmoja kwa nini ameharibu nailoni nzima. Akanitazama kwa huruma. “Mwalimu, upepo unatoka mbele. Mgongo kazi yake ni kutoa jasho. Ukiuziba mgongo utafika umelowa chapachapa, halafu maziwa utauza unatetemeka.” Wakati wa kurudi, walipokuwa wanasukuma baiskeli mlimani na madumu matupu, nailoni ilikuwa imekunjwa imebanwa kwenye keria. Hakuna aliyeivaa kupanda.

Miaka mingi baadaye nilipozishika jezi za maana za baridi nikaukuta ufundi ule ule: kifua na sehemu ya mbele ya mikono ni kitambaa kizito kinachozuia upepo, mgongo na makwapa ni kitambaa chepesi chenye vitundu. Wenye viwanda wanautoza fedha nyingi ufundi huo. Wauza maziwa wa Isongole walikuwa nao kwa bei ya mfuko mtupu.

Sababu yake si ngumu. Mwili unaponyonga baiskeli, kiasi cha robo tu ya nguvu inayotumika ndiyo inayofika kwenye pedali. Robo tatu zinageuka joto. Ukiwa unapanda kwenda Isyonje polepole, joto hilo ni jingi na upepo ni haba, kwa hiyo mwili unatoa jasho ujipoze. Ukivuka kilele mambo yanageuka ghafla. Miguu inapumzika, joto linalozalishwa linapungua, mwendo unakuwa kilomita 50 kwa saa, na upepo huo wote unapiga kwenye nguo iliyolowa. Maji hupokonya mwili joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Yaani vile ulivyovaa kupanda ndivyo vinavyoamua utakavyoteremka, na mtu anayechagua jezi akiwa amesimama dukani, mkavu, hana miguu iliyochoka wala upepo usoni, anapima kitu kisichohusika.

Pamba ndiyo inayoadhibu kuliko vyote. Fulana zangu za wakati ule zilikunywa jasho zikalishikilia, hazikauki mpaka nimefika na kuzianika. Mwalimu mkuu wetu, mzee aliyekuwa anaendesha baiskeli tangu ujana wake, alinionyesha dawa ya kilele: gazeti. Magazeti yalitufikia siku ya pili yake kwa basi kutoka Dar es Salaam. Yeye alikuwa akisoma lake Isongole, analikunja mara moja, analiingiza chini ya sweta kifuani, anateremka. Baadaye nilikuja kusoma kwamba waendesha baiskeli wa mashindano ya Ulaya walifanya hivyo hivyo miaka mingi, wakipokea magazeti kutoka kwa watazamaji waliosimama vileleni. Gazeti kifuani ni zuri kwa mteremko mmoja. Mvua ikinyesha linageuka uji, na wino wake ulikuwa ukinibaki tumboni.

Jezi yangu ya kwanza ya baiskeli niliipata kwenye mitumba ya Mwanjelwa. Ilikuwa ya sufu, rangi ya njano iliyofifia, mikono mirefu, kola yenye zipu fupi, na kifuani imetariziwa maneno ya Kitaliano kwa uzi mwekundu. Muuzaji aliining'iniza kwenye fungu la jezi za mpira.

“Hii ya golikipa, mwalimu. Ona mikono mirefu.”

Niliigeuza. Nyuma, juu kidogo ya kiuno, kulikuwa na mifuko mitatu, kila mmoja na kifungo chake. Nikamuuliza golikipa anaweka nini mgongoni. Alifikiri kidogo, akasema labda ni glavu. Tukacheka wote wawili, akapunguza bei, maana mali isiyojulikana kazi yake haina soko.

Ile jezi ilinifunza mambo mawili ambayo hayapatani. La kwanza, sufu ni kitambaa cha ajabu. Inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na hata ikilowa inabaki na joto fulani. Tena hainuki haraka. Unaivaa safari mbili tatu bila kuwafukuza watu kwenye basi. Si bure kwamba kwa miongo mingi, kabla vitambaa vya viwandani havijashika soko, jezi za mashindano makubwa ya Ulaya zilikuwa za sufu. La pili, siku mvua ya Tukuyu ilipoipata sawasawa, ilivutika. Niliweka mfukoni ndizi na karanga za kuchemsha, na hadi nafika Kiwira mifuko ilikuwa imeshuka mpaka kwenye tandiko, kila nikinyonga ndizi zinanipiga makalio. Watoto wa barabarani walifurahi sana siku hiyo.

Poliesta ni kinyume chake. Yenyewe karibu hainywi maji kabisa, haifiki hata asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo jasho linasambaa juu ya nyuzi na kukauka. Ni nyepesi, ni rahisi, haivutiki. Lakini inanuka, na ikiwa nyembamba upepo unapita ndani yake. Nikiulizwa leo nichague moja kwa barabara ya Rungwe nitachagua mchanganyiko wa viwili hivyo kama fedha zipo, na kama hazipo, poliesta juu na fulana nyembamba ya sufu ndani. Wapo wenzangu wanaonibishia. Wanasema nondo watakula sufu yote kabla hujafaidi. Nondo kweli wanakula.

Kisa kilichonikaa zaidi kuhusu jezi si changu. Nilikisoma mara ya kwanza kwenye jarida kuukuu la Kiingereza lililotumika kufungia viatu vya mitumba, nikatafuta habari zake zaidi kila nilipopata nafasi. Tarehe 5 Juni 1988, mashindano ya Giro d'Italia yalipitishwa kwenye mlima wa Gavia, zaidi ya mita 2,600, theluji ikianguka. Mholanzi Johan van der Velde alipanda akiwa amevaa jezi ya mikono mifupi. Na kupanda alipanda kweli: ndiye aliyekuwa wa kwanza kileleni. Mwili ulikuwa unachemka, baridi hakuiona. Kilichobaki kilikuwa mteremko wa kilomita kama 25 kwenda Bormio, na huo ulimshinda. Alisimama njiani akatafuta joto, na alipofika mwisho alikuwa amepitwa kwa zaidi ya dakika 45. Timu ya Mmarekani Andy Hampsten, kwa upande mwingine, ilikuwa imekwenda madukani mapema kununua glavu nzito na nguo za watu wanaoteleza kwenye theluji. Hampsten alifika wa pili siku ile, nyuma ya Erik Breukink, akavaa jezi ya waridi ya kiongozi, na akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro.

Nawasimulia vijana kisa hicho mara nyingi, na mara nyingi wanachoondoka nacho ni kwamba van der Velde alivaa nguo nyepesi mno. Sivyo ninavyokisoma mimi. Kwa kupanda, mikono mifupi ilimfaa. Ushahidi ni kwamba aliwatangulia wote. Alichokosa ni namna ya kubadilika kileleni. Angepanda na koti zito angelowa jasho, na Bormio asingefika salama vilevile.

Hilo nililiona kwa macho yangu kwenye njia ya Kitulo. Ukitokea Chimala, kandokando ya nyanda za Usangu zenye joto, kuna barabara inayojikunja kupanda ukingo wa milima hadi Matamba. Wenyeji wanaziita kona 57, na ukizipanda kwa baiskeli utaamini hesabu yao. Juu yake ndiko kwenye uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Nilikwenda na mwenzangu mmoja, dereva wa malori aliyekuwa likizo, mtu wa miraba minne mwenye mapafu kunizidi. Alikuwa amenunua jezi mpya nzito ya manyoya ya ndani, na kwa kuwa alikuwa ameambiwa Kitulo kuna baridi inayoua, aliivaa tangu Chimala. Nilimwambia afungue zipu. Akasema jasho ni dalili ya joto, na joto ndilo alilolilipia.

Hadi tunamaliza kona alikuwa akikamuliwa anatiririka. Matamba tulikuta upepo na rasharasha ya pembeni, ile isiyoonekana ila unaikuta imelala kwenye nyusi. Tukasimama kula. Dakika chache tu baadaye mwenzangu akaanza kutetemeka. Alijaribu kufungua mkanda wa helmeti chini ya kidevu, vidole vikakataa. Alinyamaza, na kwa yule bwana kunyamaza ilikuwa habari mbaya. Tulikokotana hadi kibanda cha chai kilichokuwa na jiko la mkaa. Mama mwenye kibanda hakuuliza tunatoka wapi.

“Vua hilo dude, mwanangu. Limejaa maji.”

“Mama, ndilo lenye joto.”

“Lilikuwa nalo. Vua.”

Alimvua yeye mwenyewe, akamfunika kitenge na shuka, akamshikia kikombe mdomoni kwa sababu mikono haikuweza. Ile jezi aliitundika kwenye msumari, na kwa muda wote tuliokaa ilikuwa ikidondosha maji kwenye sakafu ya udongo mpaka pakawa na kidimbwi. Mimi nilikuwa na jezi ya njano na fulana moja ya ziada, kavu, ndani ya mfuko wa plastiki. Nikampa fulana akaivaa, juu yake akavaa koti la mvua la mama yule, na tuliporudi kuteremka hakulalamika tena. Koti tulilirudisha kwa dereva wa Noah aliyekuwa akipandisha abiria. Unene wa kitambaa haukumsaidia kitu siku ile. Fulana kavu yenye uzito wa leso ndiyo iliyomteremsha.

Zipu, hata hivyo, sikuielewa sawasawa mpaka nilipokutana na wale wa Kairo hadi Cape Town. Tangu mwaka 2003 kuna msafara wa baiskeli unaokatiza Afrika yote, Tour d'Afrique, na umekuwa ukipita Mbeya kuelekea Malawi kwa barabara yetu hiyo hiyo. Mwaka mmoja, ukiwa msimu wa mvua, niliwafuata kutoka Uyole. Nikajikuta nyuma ya mama mmoja Mzungu, mtu mzima kunizidi, aliyevaa jezi nyembamba ya mikono mirefu ambayo mimi nisingethubutu kuitoa nyumbani asubuhi ile. Nilingoja nione atakavyoumbuka.

Hakuumbuka. Kwenye kichwa cha zipu alikuwa amefunga kipande cha kamba ya kiatu, kirefu kama kidole, chenye fundo mwishoni. Kila barabara ilipoinuka, mkono ulikwenda kwenye ile kamba bila yeye kutazama, zipu ikashuka hadi tumboni. Barabara ikilala, inapanda nusu. Kabla ya mteremko wa Kiwira alifunga mpaka juu, akatoa kwenye mfuko wa nyuma kizibao cha nailoni kilichokunjwa kadiri ya ngumi, akakivaa akiwa bado ananyonga. Tulipofika chini alikivua na kukirudisha mfukoni. Mvua ikanyesha, ikaacha, jua likatoka, naye akawa anahangaika na zipu tu. Jezi moja ilikuwa inamfanyia kazi ya jezi tatu. Mikono aliikunja hadi kwenye kiwiko tulipoikaribia Kyela. Jezi zenye mkono wa kubana sana kwenye kifundo haziwezi kukunjwa hivyo, na huo ni ukaguzi ambao watu hawaufanyi dukani.

Tangu siku ile zipu ndiyo ninayoanza nayo. Iwe ya kufunguka yote, kutoka kola hadi pindo, kwa sababu ya nusu haitakuruhusu kuvua haraka ukiwa umelowa, na ukiwa umefunga helmeti huwezi kupitisha nguo kichwani. Nyuma yake pawe na kipande cha kitambaa cha kuzuia upepo unaopenya kwenye meno. Juu, kola iwe na kijikunjo cha kuficha kichwa cha zipu kisikukwaruze koo. Kamba ya kiatu utaweka mwenyewe.

Rangi nilifundishwa na dereva wa lori la mafuta. Ukungu wa Isyonje ukitua, taa za magari zinaonekana zikiwa zimeshafika. Tulikuwa wawili tunapanda, mimi na ile sufu yangu ya njano, mwenzangu na jezi ya kijivu. Lori lilitupita, likaegesha mbele kwenye magunia ya viazi, na dereva akashuka kutungoja. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeogopa. Akaniambia, “Wewe nimekuona kwa ile njano. Huyu sikumwona mpaka nilipokuwa nampita.” Mwenzangu alikuwa mbele yangu, tena ndiye mwenye mwili mkubwa.

Ndiyo maana hizi jezi nyeusi za kipupwe zinanikera. Najua kwa nini wanazipenda: hazionyeshi uchafu wa mnyororo, na pichani zinapendeza. Lakini nguo ya hali ya hewa inayobadilika ni nguo ya ukungu, na ukungu ni mahali ambapo Coaster, malori na bajaji zinagombea lami moja nyembamba na wewe. Njano, chungwa, hata nyeupe iliyochafuka. Mstari wa kuakisi mwanga mgongoni, si ubavuni.

Nikarudi kwenye picha za binti. Ya kwanza ilikuwa hiyo nyeusi nzito. Ya pili ilikuwa ya kuvaa kwa kichwani, haina zipu kabisa, nyembamba, yaani jezi ya mpira iliyoongezwa mikono. Ya tatu ilikuwa ya uzito wa kati, zipu nzima, mifuko mitatu, kifua kimeshonwa kwa kitambaa kigumu kidogo, mabega ya rangi ya chungwa. Nikamwandikia achukue ya tatu, na kizibao cha upepo.

“Mjomba, si nitasikia baridi Isyonje?”

“Ukiwa Uyole unaanza, utasikia baridi dakika kumi. Ukiwa huisikii, umevaa kupita kiasi.”

Akanitumia alama ya kucheka, kisha akauliza bei ya kizibao. Ndipo nikamwambia asizimalize zile elfu sitini dukani. Vizibao vya upepo vimejaa kwenye mitumba, na watu bado hawajajua matumizi yake; vinauzwa na nguo za watoto kwa sababu ni vidogo. Kwa bei ya soda chache anapata kitu kinachoifanya jezi ya kati kushinda ile nzito kwenye mteremko wowote, na kwenye jua kinaingia mfukoni. Nafikiri hata wenye fedha wafanye hivyo. Mwezi Machi mwaka 2013 mbio za Milano–San Remo zilipigwa na theluji hata waendeshaji wakapandishwa mabasi kuvuka mlima, na mshindi akawa Gerald Ciolek, Mjerumani aliyekuwa anaendeshea timu ya MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini. Siku ile wengi walivaa jezi moja ya kampuni ya Castelli, ya kubana, isiyopitisha upepo, inayokataa maji, hata waliofadhiliwa na kampuni nyingine. Inasemekana waliifuta nembo kwa kalamu nyeusi. Waliokuwa na uwezo wa kuvaa chochote walichagua kizuia-upepo cha kubana.

Jumamosi tulikwenda naye Mwanjelwa. Muuzaji wa siku hizi anazijua jezi za baiskeli, hakuna tena habari za golikipa, na bei anazijua pia. Nilimwonyesha binti jinsi ninavyokagua. Unaweka kitambaa cha kifua mdomoni na kupuliza: ukihisi pumzi upande wa pili kwa kiganja, upepo wa mteremko utapita. Unafanya hivyo hivyo mgongoni, na hapo unataka ipite. Unaivaa, unainama na kunyoosha mikono mbele kana kwamba umeshika usukani, kwa sababu jezi inayokutosha ukiwa wima inaweza kukuacha kiuno wazi na kifundo cha mkono wazi ukiinama. Pindo la nyuma liwe refu kuliko la mbele, na lile lastiki lake likamate. Kwenye mitumba ndilo linalokufa kwanza. Ikiwa ni mpya kutoka China, saizi huwa ndogo kuliko za Ulaya, M yao inaweza kuwa S ya mwenzio, basi pima mwili, achana na herufi. Isibane hadi fulana ya ndani ikose nafasi, wala isibwage, maana kitambaa kinachopepea kinapampu hewa baridi ndani kila sekunde.

Binti alipuliza jezi kama sita, watu wakatutazama. Mwishowe alichukua ya rangi ya chungwa iliyopauka na kizibao cha kijani, akabakiwa na fedha ya glavu. Njiani akaniuliza habari ya kufua, maana wenzake wanatumia ile dawa ya kulainisha nguo ili zinukie.

Aiache hiyo. Inapaka nyuzi utando, na kitambaa kilichotengenezwa kusambaza jasho kinaacha kulisambaza. Sabuni kidogo, maji ya baridi, hasa kama kuna sufu ndani yake, kwa kuwa maji ya moto yataifanya imtoshe mdogo wake. Zipu ifungwe kwanza isiume kitambaa, ikamuliwe bila kusokotwa, ianikwe kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje. Jezi nyepesi ikianikwa jioni kwenye upepo wa Mbeya, asubuhi inavalika. Ile nzito ya manyoya, mwenzangu wa Kitulo alihitaji siku mbili.